Kibanja cha Ukutani

Mama mkwe wangu anaitwa Mukabera, na nikisema ni mkaidi simsengenyi, kwa sababu hata yeye mwenyewe hulitaja hilo kwa fahari. Alizaliwa Nyaishozi, upande wa Karagwe, akaolewa huku Isingiro, wilaya ya Kyerwa, akiwa binti mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Aliyemwoa, mzee Aristides, alikuwa mtu mpole wa kahawa. Nilimkuta bado hai nilipoolewa na mtoto wao Eliud, na ninamkumbuka kwa mwendo wake: mikono nyuma, kichwa kimeinama pembeni, hatua ndefu zisizo na haraka, kana kwamba kila mti wa kahawa una neno la kumwambia na yeye hataki kulikosa. Alipofariki tulimzika kwenye kibanja, kama tunavyozikana huku, karibu na ukuta wa nyumba, katikati ya migomba aliyoipanda mwenyewe.

Kibanja kwetu ni kila kitu. Ni nyumba, ni migomba, ni kahawa chini ya migomba na maharage chini ya kahawa, na ni makaburi ya waliotutangulia. Mukabera na mumewe walianza kibanja hiki kikiwa pori. Nyumba yao waliijenga kwa miti na udongo, na kuta za ndani Mukabera alizipaka udongo mweupe aliokwenda kuuchimba bondeni na kuubeba kichwani. Kila mwaka Krismasi ikikaribia hupaka upya, na ole wako uegemee ukuta kabla haujakauka. Katika nyumba hiyo alizaa, akazika, akaozesha, akabaki peke yake. Watoto wengine wako Bukoba na Mwanza na wanapiga simu. Aliyebaki kibanjani ni Eliud, mume wangu.

Mimi ni Evangelina, Mhaya wa Muleba, Mlutheri niliyeingia katika ukoo wa Wakatoliki, nina meza ya vitenge sokoni Nkwenda, na mdomo wangu unajulikana hadi kwa wanunuzi wa mazao wanaopita kuelekea mpakani. Nayataja haya ili ujue kwamba ninapokuambia nilinyamaza mbele ya jambo fulani, basi jambo lenyewe halikuwa dogo.

Ugomvi wa mama na mwana ulianza na tofali. Eliud alijenga nyumba ya tofali za kuchoma juu kidogo ya kibanja, akaweka madirisha ya vioo, akamtengea mama yake chumba chenye sakafu ya saruji. Nyumba ya zamani ilikuwa imechoka. Mchwa walikuwa wamekula miti ya ukutani, na ukuta wa chumba cha kulala ulikuwa umeanza kuinama kuelekea nje. Kila mara Eliud alipomwambia, "Mama, chumba chako kiko tayari," yeye alijibu, "Chumba changu ninacho." Siku moja Eliud alirudi amechoka, akasema neno ambalo lingefaa libaki tumboni: kwamba ataibomoa nyumba ile hata mama akiwa ndani. Mukabera alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akamwambia asikanyage tena mlango wake.

Huku kwetu, mama akikuambia hivyo, si maneno ya kupita. Eliud hakukanyaga tena. Mukabera naye alifunga dirisha la chumba chake, lile la mbao linalotazama njia ya kwenda kwenye kahawa, akaligongelea misumari ili asimwone mtu akipita. Nyufa akaziziba kwa matambara. Kuanzia hapo maneno kati yao yalibebwa na binti yangu Joviana. "Mwambie bibi yako mboga hizi hapa." "Mwambie baba yako mboga ninazo." Wakati mwingine walikuwa wamesimama karibu kiasi cha kugusana, na mtoto katikati yao akirudia maneno ambayo kila mmoja ameshayasikia. Nilicheka mwanzoni. Baadaye nikaona si kichekesho, ni watu wawili wanaoumia.

Muhula wa pili wa shule ulipoanza, kahawa ilikuwa inavunwa, na Eliud akatangaza uamuzi wake mezani. Kahawa ikishakauka, kabla ya mvua kuanza, watu wa kuezua bati wangekuja. "Ukuta ule hauvuki mvua za mwaka huu," aliniambia. "Nichague kumuudhi au kumfukua." Nilipompelekea Mukabera habari hiyo, kwa upole wote nilionao, alisema tu kwamba wakija watamkuta kitandani. Nikawa mtu wa kutazama mawingu kila siku, na kila wingu lilinitia hofu.

Hali ikiwa hivyo, Joviana akaanza kurudi na mambo ya shule.

Joviana yuko Darasa la Tano, na muhula huu Mwalimu Placidius anawafundisha mwanga. Sikujua kwamba mwanga ni kitu cha kufundishwa. Nilidhani asubuhi unakuja, jioni unaondoka, basi. Juma la kwanza mtoto alisimama nyuma ya mlango akaniuliza kwa nini simwoni. Nikamjibu kwa sababu uko nyuma ya mlango. Akasema hapana, ni kwa sababu mwanga haupindi kona. Juma lililofuata alitoboa vipande vya boksi, akavipanga mbele ya mshumaa, akanionyesha kwamba matundu yakiwa kwenye mstari mmoja unauona moto, na ukisogeza kipande kimoja tu moto unapotea. "Mwanga husafiri kwa mstari mnyoofu, mama," akasema kwa sauti ya mwalimu wake. Nikamwambia hilo hata kuku analijua, arudi kuosha vyombo.

Ijumaa moja alirudi na boksi la sabuni. Upande mmoja alikuwa ameukata na kubandika karatasi aliyoipaka mafuta ya kupikia mpaka ikawa inapitisha mwanga kidogo. Upande wa pili alikuwa ametoboa tundu kwa sindano. Nilikuwa namenya ndizi, mikono imejaa utomvu, na sikuwa na hamu ya boksi.

"Mama, njoo uone."

"Nitaona kesho."

"Kesho kunaweza kuwa na mawingu."

Alinifunika kichwa kwa kitenge, akanielekezea boksi kwenye migomba iliyopigwa na jua. Mwanzoni niliona giza na kusikia harufu ya sabuni. Kisha, kwenye ile karatasi ya mafuta, nikaona kibanja chetu.

Sijui niseme vipi. Kilikuwa pale chote, kidogo, chenye rangi zake. Kijani cha migomba kilikuwa kijani kweli, na anga lilikuwa la bluu, ila lilikuwa chini na migomba imening'inia kutoka juu. Jani moja lilitikiswa na upepo na nililiona likitikisika. Kuku wangu mwekundu akapita, miguu juu, akidonoa ardhi iliyokuwa juu yake, na hakuanguka. Hapakuwa na betri. Hapakuwa na kioo wala waya. Lilikuwa boksi la sabuni na mafuta ninayokaangia vitunguu. Nilitoa kichwa nje nikamtazama kuku mwenyewe, nikarudi ndani nikamtazama tena, na moyo wangu ulikuwa unaenda mbio kwa furaha na kwa woga, vyote pamoja.

"Mbona vimegeuka?" nikauliza, na sauti yangu ilikuwa imeshuka kama niko kanisani.

Joviana akanieleza kwa kidole. Mwanga unaotoka kwenye kilele cha mgomba unakuja ukishuka, unapita kwenye tundu, na kwa kuwa haupindi unaendelea kushuka mpaka chini ya karatasi. Unaotoka kwenye shina unapanda, unaishia juu. Basi juu linakuwa chini, na chini linakuwa juu.

"Kwa hiyo sasa hivi, hapa tulipokaa, picha zinapita hewani na sisi hatuzioni?"

"Zimejaa kila mahali, mama. Mwalimu anasema zimechanganyika tu. Tundu ndilo linalozichambua, kama wewe unavyochambua maharage."

Nilikaa chini kwenye maganda ya ndizi. Nina umri wangu, nimezaa, nimeona watu na miji, na kumbe kila siku nilikuwa napita katikati ya picha zilizojaa hewani bila kujua. Eliud aliporudi naye aliingiza kichwa chini ya kitenge. Alikaa humo muda mrefu, mpaka nikamgusa mgongo. Alipotoka alisema tu, "Na hili wanafundishwa bure?"

Joviana akalipeleka boksi kwa bibi yake. Nilitegemea atakawia, lakini alirudi upesi, uso umemsinyaa.

"Bibi amesemaje?"

"Ametazama. Halafu akasema si jambo geni. Anasema yeye analo kubwa, la ukuta mzima." Akainamisha kichwa. "Halafu akaniambia nisimwambie mtu."

Siri ya mtoto wangu ina miguu mifupi, haifiki mbali na mama yake. Usiku ule nilijigeuza kitandani nikifikiri labda mama mkwe wangu ameanza kuchanganyikiwa, na kama ni hivyo, ile habari ya kuezua bati itakuwa balaa juu ya balaa. Asubuhi yake ilikuwa Jumamosi, anga limetakata. Eliud alishatoka, ameenda kuangalia kahawa kama afanyavyo kila siku. Nikachukua chupa ya chai, nikamshika Joviana mkono, tukaenda.

Mukabera alikuwa ameketi ukumbini kwenye mkeka. Nilipiga magoti nikamsalimu, "Shikamoo, mama." Akaitikia marahaba, akamtazama Joviana, akanitazama mimi.

"Mtoto ameshasema," akasema kwa Kinyambo, lugha ya kwao Karagwe, bila hasira.

"Amesema, mama."

Alifikiri kidogo. Kisha akainuka kwa kushika goti, akatuongoza chumbani kwake. "Fungeni mlango," akasema. "Na msiwe na haraka. Hawaji kwa mwenye haraka."

Chumba kilikuwa giza. Kina dari ya matete, na dirisha lilikuwa limegongelewa kama nilivyoeleza, ila kwenye ubao mmoja fundo la mti lilikuwa limekauka na kudondoka, likaacha tundu dogo kama punje ya kahawa. Jua la asubuhi lilikuwa nyuma ya nyumba, linapita juu ya paa na kuipiga migomba iliyo upande wa dirisha. Tuliketi kitandani, sisi watatu, tukitazama ukuta mweupe ulio mkabala. Kwa muda sikuona kitu. Kisha macho yakazoea, na ukuta ukaanza kuota.

Lile la boksi lilikuwa la kitoto. Hapa migomba ilishuka kutoka darini, mikubwa, majani yake yakipepea juu ya vichwa vyetu bila sauti. Chini kabisa, karibu na sakafu, kulikuwa na anga, na kipande cha wingu kilikuwa kinapita polepole kandokando ya viatu vya Mukabera vilivyopangwa chini ya ukuta. Miti ya kahawa ilikuwa na matunda mekundu, na wekundu wake niliuona. Mbuzi alipita juu, miguu darini. Udongo mweupe wa ukutani, ule wa kubebwa kichwani kutoka bondeni, ulikuwa umekuwa dunia nzima, nayo ilikuwa inaishi. Joviana alishika mkono wangu kwa nguvu.

"Yalianza lini, mama?"

"Mwaka jana. Baada ya kulifunga dirisha." Alizungumza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kuwashtua. "Siku ya kwanza nilidhani ni kufa. Nikasali rozari nzima. Halafu nikaona hawanidhuru, nikawatazama. Na nilipowatazama nikaelewa."

"Ukaelewa nini?"

"Tunawazika chini, siyo? Basi wako chini yetu. Wanakanyaga udongo huu huu, ila kwa upande wao. Nyayo zao zinagusana na nyayo zetu. Ndiyo maana ukiwaona, miguu iko juu." Akanyoosha kidole kwenye ukuta. "Na wana kibanja chao. Wana ndizi, wana kahawa, hata mbuzi wanao. Nilikuwa naogopa sana habari ya kufa, mwanangu. Nilipoona kahawa ile imeiva, hofu ikapungua."

Nakiri kwamba katika maisha yangu sijasikia mahubiri yaliyonigusa hivyo, na nimesikia mengi, ya kwetu na ya kwao. Nilijua tayari kwamba amekosea. Joviana naye alijua, nilimsikia akivuta pumzi ili aseme, nikamfinya. Ila sikuweza kumwona Mukabera kuwa mjinga. Alikuwa amekaa peke yake na jambo la ajabu, akalifikiria mpaka likakubali kueleweka.

"Na mimi hujawahi kuniona humo?" nikamuuliza, ili nipate kusema kitu.

"Kuna mwanamke mmoja anapita mbiombio kama anakimbiza mbuzi. Nikasema, kumbe hata huko wapo."

Nilicheka, na yeye akacheka kidogo. Kisha akaacha.

"Aristides anakuja," akasema.

Sikujibu.

"Kila siku jua likiwaka. Mikono nyuma, kichwa pembeni, vile vile. Anapita kwenye kahawa yake, halafu anasimama pale, karibu. Hasemi. Anakaa kama mtu anayesikiliza, halafu anaondoka. Alianza kuja tulipogombana na Eliud. Nikajua amekuja kunituliza, maana mtoto alisema neno baya na yeye amelisikia." Alijifuta macho kwa ncha ya kanga. "Siku za mvua haji. Nadhani hata kule mvua inawazuia. Sasa nyumba hii ikibomolewa, Evangelina, niambie, mzee wa watu atakuja kusimama wapi?"

Hilo ndilo lililokuwa ndani ya ule ukaidi wote. Mwaka mzima tulimwita king'ang'anizi, na yeye alikuwa anamlindia mumewe mahali pa kusimama.

Kabla sijapata neno la kumwambia, mtu akatokea ukutani.

Alikuja kutoka pembeni, juu, karibu na dari, miguu ikikanyaga matete na kichwa kikielekea kwetu. Hatua ndefu, hazina haraka. Mikono ilikuwa nyuma. Kichwa kilikuwa kimeinama upande. Uso haukuonekana vizuri, ulikuwa doa tu la rangi ya ngozi, lakini mwendo ulikuwa wa marehemu baba mkwe wangu, na nywele zilinisimama kichwani. Kwa muda mfupi hata mimi niliamini. Akasimama karibu, mkubwa, akatulia.

Halafu nikaliona shati. Lilikuwa la kijani, lenye mistari ya njano mabegani, na mimi ndiye niliyelipiga pasi asubuhi ile.

"Bibi," Joviana akasema, na safari hii nilichelewa kumfinya. "Mwalimu anasema hakuna picha bila kitu chenyewe. Mwanga unaleta kile kilichopo tu."

"Kilichopo wapi?"

"Nje, bibi. Hapo nje."

Mtoto akashuka kitandani, akafungua mlango, akatoka. Mwanga wa ukumbini uliingia na ukuta ukafifia. Mlango ulipofungwa, picha ikarudi taratibu, na yule mtu alikuwa bado amesimama. Tulisubiri. Mukabera alikuwa ameshika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili. Kisha, kutoka pembeni ya ukuta, akatokea mtoto mwenye gauni la njano, anakimbia darini, kichwa chini, gauni linapepea. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwa yule mtu, akamshika mkono.

Na yule mtu akainama kumtazama.

Sauti zilipita kwenye mbao za dirisha, ndogo lakini wazi.

"Baba, unafanya nini hapa?"

"Sema polepole. Nasikiliza kama bibi yako ameamka."

"Si upige hodi?"

Mukabera aliinuka, akausogelea ukuta, akanyoosha mkono. Picha ikapanda juu ya mkono wake, lile shati la kijani likawa kwenye vidole vyake. Alilitazama.

"Siye," akasema.

"Siye, mama."

"Ni Eliud."

"Ni Eliud, mama. Kila siku ananiambia anakwenda kuangalia kahawa."

Akalia. Alilia kama siku tuliyomzika Aristides, akiegemea ukuta wake mwenyewe, na sikujaribu kumnyamazisha kwa sababu alikuwa anafiwa mara ya pili, na mtu ana haki ya kulia msiba wake. Mimi nilisimama nyuma yake nimemshika mabega. Juu ya kichwa chake mwanangu na mume wangu walikuwa bado wamesimama wameshikana mikono, miguu juu, kimya, na majani ya migomba yakiwapepea. Sikujua kwamba mtu anaweza kuwa na huzuni namna ile na bado macho yake yakakataa kuacha kutazama.

Machozi yalipopungua akaugeukia tena ukuta. Alimtazama yule mtu kwa namna nyingine sasa, kwa makini, kama mama anavyomtazama mtoto aliyerudi kutoka safari, akikagua kama amekonda.

"Amechukua mwendo wote wa baba yake," akasema. "Sikuwahi kuuona. Nilikuwa natazama uso tu."

Kisha akachukua mchi wa kutwangia uliokuwa nyuma ya mlango, akaenda dirishani. Nilitaka kumwambia asubiri, kwamba akifungua picha itakufa, lakini nilivyomtazama nikajua analijua hilo kuliko mimi. Aligonga ubao kwa chini, misumari ikalia, akagonga tena. Dirisha likafunguka. Jua la kibanja likaingia lote kwa pamoja, na ukuta ukabaki ukuta, mweupe, wenye ufa mrefu ambao gizani sikuuona.

Eliud alikuwa amesimama nje, kichwa juu, miguu chini, amemshika mtoto mkono. Alionekana kama mtu aliyekamatwa. Walitazamana kwa mara ya kwanza tangu mwaka uliopita bila mtoto wa kubeba maneno.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nilikukataza."

"Ulinikataza mlango. Dirisha hukulitaja."

Nilifunika mdomo wangu kwa kitenge. Mukabera hakucheka, lakini kidevu chake kilitikisika.

"Na siku za mvua?" akamuuliza. "Siku za mvua sikukuona. Ulikuwa wapi?"

Eliud hakuelewa mama yake alimwonaje siku nyingine, dirisha likiwa limegongelewa. Nilimwona akitaka kuuliza. Lakini swali la mama hujibiwa kwanza, na alilijibu akitazama ule ukuta ulioinama.

"Siku za mvua nilisimama hapa hapa, mama. Ndizo siku nilizoogopa zaidi."

Mukabera aliweka mchi chini.

"Zunguka mlangoni," akamwambia. "Uje unibebee godoro."